Kabla Hujainua Simu: Mwongozo wa Kupiga Picha Katika Viwanja vya Ndege vya Ugenini

Kwetu mtu hasafiri peke yake. Akipata nafasi ya masomo China, kazi Muscat, matibabu Chennai, au zamu yake ya kwenda Hija ikifika, ukoo mzima humsindikiza hadi uwanjani. Hapo nje picha hupigwa mpaka betri iishe: na mama, na mashangazi, na watoto wa dada waliokaa juu ya masanduku. Wana haki. Safari hiyo ni ya wote waliochanga, walioomba dua na waliokesha wakifunga mizigo, na picha ndiyo inayobaki nyumbani msafiri akishaondoka.

Hatari huanza msafiri anapopita mlango wa ukaguzi huku simu ingali mkononi na kamera ikiwa wazi. Kuanzia hapo hadi atakapotoka nje ya uwanja wa nchi anayokwenda, atapita katika maeneo ambayo kila moja lina mwenyewe: mamlaka ya kiwanja, polisi, uhamiaji, forodha, shirika la ndege, na mara nyingine jeshi. Mpaka kati ya eneo moja na jingine waweza kuwa mstari wa rangi tu sakafuni, lakini ukiuvuka, sheria ya picha imebadilika. Mwongozo huu wote umesimama juu ya jambo moja: afisa hawezi kuiona nia yako. Anachokiona ni mahali uliposimama na kitu ambacho kamera yako imekielekea. Kwa hiyo kabla hujainua simu, jiulize kwanza: sakafu hii ni ya nani?

Kwa nini picha iwe kosa

Msafiri wa kawaida huona ajabu. Picha za uwanja zimejaa kwenye intaneti, setilaiti zinauona kutoka juu, sasa selfi yake ina dhambi gani? Swali ni la haki, na jibu lake limo katika historia ya viwanja vyenyewe.

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, makomando wa Israeli walitua katika uwanja wa Entebbe, Uganda, na kuvamia jengo la zamani la abiria, walimokuwa wameshikiliwa mateka wa ndege ya Air France. Miongoni mwa mambo yaliyowasaidia kujiandaa ni kwamba kampuni ya Kiisraeli ilikuwa imehusika katika ujenzi wa jengo lile, hivyo ramani yake ilipatikana. Kujua mlango uko wapi, unafunguka upande gani na walinzi wanasimama wapi ni sehemu kubwa ya kazi ya mvamizi. Wewe unaona mandhari nzuri nyuma ya uso wako. Mtu wa usalama anaona mlango, kamera ya ulinzi na zamu ya askari.

Sababu ya pili ni kwamba viwanja vingi vya abiria ni vya kijeshi pia. Entebbe hiyohiyo leo inatumiwa na jeshi la anga la Uganda na ina kituo kikubwa cha Umoja wa Mataifa. Djibouti, ndege za abiria zinazotua katika uwanja wa Ambouli zinatumia njia moja ya kurukia na ndege za Camp Lemonnier, kambi ya Marekani iliyo jirani. Pune, mji wa India ambako vijana wengi wa Afrika Mashariki wamesoma, uwanja wa abiria umo ndani ya kituo cha jeshi la anga. Ukipiga picha ya ndege yako, hujui kilichojificha pembeni ya fremu.

Sababu ya tatu ni watu. Katika ukumbi wa abiria yupo mgonjwa, yupo mkimbizi, yupo mwanamke asiyetaka sura yake ionekane, yupo afisa ambaye kazi yake inadai asijulikane. Nchi nyingi zimeiwekea faragha yao sheria kali kuliko tuliyoizoea.

Mambo haya yana mifano. Novemba 2001, Waingereza 12 na Waholanzi wawili, watu ambao starehe yao ni kutazama ndege na kuandika namba zake, walikamatwa Ugiriki baada ya kuhudhuria siku ya wazi katika kituo cha anga cha Kalamata. Walikaa rumande zaidi ya mwezi mmoja. Aprili 2002 walitiwa hatiani, wanane kati yao kwa ujasusi wakapewa kifungo cha miaka mitatu, na mpaka Novemba ya mwaka huo ndipo rufaa ilipowasafisha. Februari 2015, Waingereza watatu wenye mapenzi kama hayo walikamatwa karibu na uwanja wa Fujairah, Falme za Kiarabu, wakiorodhesha namba za ndege, na wakakaa kizuizini karibu miezi miwili kabla ya kuachiwa. Hakuna kati ya hao wote aliyekuwa jasusi. Nia yao ilikuwa safi. Iliwachukua wiki na miezi kuithibitisha.

Hatua kwa hatua ndani ya uwanja

*Nje na ukumbi wa kuandikisha safari.* Hapa ndipo pa uhuru zaidi. Katika nchi nyingi, picha za familia mbele ya lango au karibu na kaunta hazina neno, mradi hamzibi njia na hamlengi askari, kizuizi cha magari au mlango wa wafanyakazi. Tazama kama kuna bango lenye kamera iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Halihitaji lugha: likiwepo, shusha simu. Lisipokuwepo na una wasiwasi, muulize aliye karibu mwenye sare. Kuuliza si ujinga, na swali la sekunde tano huokoa mahojiano ya saa tano.

*Ukaguzi wa usalama.* Ukifika penye trei na mashine ya eksirei, iweke simu kwenye trei na uisahau. Marekani ni mfano wa nchi yenye nafasi kubwa: TSA, idara inayokagua abiria, haikatazi picha kwenye vituo vyake, mradi usiingilie kazi na usipige skrini za mashine ambazo umma haupaswi kuziona. Nchi nyingine nyingi hazikubali kabisa. Kwa kuwa msafiri mmoja anaweza kupita katika nchi tatu kwa siku moja, ni heri kushika sheria iliyo kali zaidi na kuitumia kila mahali.

*Uhamiaji na forodha.* Hapa ndipo pagumu kuliko pote, na ndipo wageni wengi hukosea, kwa sababu foleni ni ndefu na simu ndiyo faraja. Nchi nyingi, kuanzia Uingereza na Japani hadi China, haziruhusu picha katika ukumbi wa pasipoti. Marekani, mabango ya ukumbi huo hukataza kamera na simu zote mbili, na maafisa wa mpakani wana mamlaka ya kupekua simu ya msafiri bila hati ya mahakama. Ukipiga picha pale umewapa sababu ya kuipekua yako.

Kumbuka kwamba simu ya video nayo ni kamera. Umetua salama, unataka mama aone kwamba umefika, unampigia WhatsApp ukiwa kwenye foleni na kumzungushia simu aone ukumbi ulivyo mkubwa. Kwa afisa aliye kwenye kibanda, umemrekodi yeye, mashine zake na abiria mia moja, na umezirusha picha hizo nje ya nchi papo hapo. Tuma ujumbe wa maandishi kwamba umefika. Video itasubiri.

Njia rahisi ya kuepuka kishawishi ni kuchapisha karatasi zako kabla ya safari: anwani ya unakofikia, barua ya mwaliko au ya chuo, bima, tiketi ya kurudi. Anayetafuta anwani kwenye simu mbele ya afisa huinyanyua na kuielekeza mbele bila kujua. Mwenye karatasi mkononi hana haja ya simu mpaka atakapotoka nje.

*Getini.* Baada ya uhamiaji wa kuondokea, hali hulegea tena. Katika viwanja vingi vya kiraia, picha ya ndege yako kupitia kioo inakubalika, na maduka na viti si siri ya mtu. Hata hivyo chagua upande. Usielekeze kamera kwenye milango yenye vibonyezo vya namba, kamera za ulinzi, mnara wa kuongozea ndege, wala ndege za kijeshi na za viongozi. Ukiona ndege ya kijivu isiyo na jina la shirika, geuka.

Na usidhani kwamba kwa kuwa unabadili ndege tu, nchi hiyo haikuhusu. Ukiwa Addis Ababa, Doha au Istanbul kwa saa mbili, bila viza na bila kugongewa muhuri, uko chini ya sheria ya nchi hiyo kama mwenyeji. Ethiopia, kwa mfano, imekataza picha za viwanja vya ndege pamoja na madaraja, mabwawa na majengo ya serikali na jeshi, na uwanja wa Bole, Addis Ababa, ndio njia ya wengi wetu kuelekea Guangzhou, Ulaya na Amerika.

*Kutembea hadi kwenye ndege.* Kigoma, Mafia, Pemba au Lamu, abiria hutoka ukumbini na kuvuka kwa miguu eneo la maegesho ya ndege. Hapo ndipo vijana husimama chini ya bawa kupiga picha, na hapo ndipo hatari ya picha huacha kuwa ya kisheria na kuwa ya mwili. Panga la ndege kama ATR au Dash 8 likishika kasi halionekani kwa macho. Huonekana kama hewa tupu. Upepo wa injini humwangusha mtu mzima. Gari la mafuta laweza kuwa linajaza ndege ya jirani. Fuata mstari uliochorwa chini, mshike mtoto mkono, na usirudi nyuma hatua hata moja ili kuipata ndege nzima kwenye fremu.

*Ndani ya ndege.* Humu sauti ya mwisho ni ya rubani mkuu. Mkataba wa Tokyo wa 1963 unampa mamlaka ya kuchukua hatua dhidi ya abiria anayehatarisha usalama au utaratibu, hata kumteremsha njiani. Picha ya mawingu dirishani kwa kawaida haina tatizo. Kumrekodi mhudumu bila ruhusa yake, hasa mnapohitilafiana, kuna tatizo kubwa. Sikiliza pia matangazo. Uwanja wa Gimhae, mjini Busan, Korea Kusini, uko ndani ya kituo cha jeshi, na wahudumu hutangaza kwamba picha haziruhusiwi. Mei 2025, baada ya mapigano na Pakistan, mamlaka ya anga ya India iliagiza vifuniko vya madirisha vishushwe wakati wa kuruka na kutua katika viwanja vya kijeshi vya karibu na mpaka wa magharibi, hadi ndege ifike futi 10,000, isipokuwa madirisha ya milango ya dharura, na abiria wakakatazwa kupiga picha. Sheria ya jana si lazima iwe ya leo. Tangazo la dakika hiyo ndilo linalokuhusu.

Sanduku limevunjika: ushahidi utaupataje?

Hili ndilo tukio linalomfanya hata msafiri makini ainue simu mahali pasiporuhusiwa. Sanduku linatokea kwenye mkanda wa mizigo likiwa limepasuka, na mkanda huo kwa kawaida uko kabla ya forodha, ndani ya eneo lililokatazwa picha. Una haki ya kutaka ushahidi, na ipo njia ya kuupata bila kuvunja sheria.

Piga picha ya sanduku nyumbani kabla ya kuondoka: limefunguliwa ukionyesha vitu vya thamani, kisha limefungwa kutoka pande zote. Likifika limeharibika, usitoke nalo. Nenda kwenye dawati la mizigo la shirika lako la ndege lililo humohumo ndani, udai ripoti ya maandishi ya hitilafu ya mzigo, uhakikishe ina namba, tarehe na maelezo ya uharibifu. Ukitaka picha, mwombe mhudumu wa dawati akuruhusu, au apige yeye. Ukishatoka nje, piga zako mara moja. Kwa safari za kimataifa zinazofuata Mkataba wa Montreal wa 1999, malalamiko ya mzigo ulioharibika huandikwa ndani ya siku 7 tangu kuupokea, na ya mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Ripoti ya dawatini ina uzito kuliko video iliyopigwa kwa hasira.

Kuna mapokezi mengine yanayohitaji upole. Familia inapokwenda eneo la mizigo kupokea mwili wa ndugu aliyefia ugenini, huzuni ni kubwa, na waliobaki mbali wanataka kuona. Eneo hilo ni la forodha na ulinzi. Wafiwa wamteue mtu mmoja azungumze mapema na wakala anayeshughulikia mwili, aulize ni wapi picha zinaruhusiwa, na wengine wote wasubiri nje. Kugombana na mlinzi juu ya kamera ni fedheha ambayo hakuna mfiwa anayestahili kuongezewa siku hiyo.

Nchi tunazokwenda sana

*Ghuba.* Falme za Kiarabu zina sheria ya uvumi na makosa ya mtandao, Namba 34 ya 2021, iliyoanza kutumika Januari 2022. Kumpiga mtu picha bila ridhaa na kuingilia faragha yake kwa njia ya mtandao kunaweza kuleta kifungo kisichopungua miezi sita, au faini kati ya dirham 150,000 na 500,000, au vyote viwili. Kiwango hicho cha chini ni zaidi ya dola 40,000 za Marekani. Saudi Arabia nayo, kwa sheria yake ya makosa ya mtandao ya 2007, imeweka kifungo cha hadi mwaka mmoja na faini ya hadi riyali 500,000, au kimojawapo, kwa makosa yanayojumuisha kuvamia faragha ya mtu kwa simu yenye kamera. Wanaokwenda Hija na Umra wakiwa kundi waizingatie hiyo: katika ukumbi wa mahujaji Jeddah huwezi kupiga picha ya wenzako bila kuwapata wanawake wa kundi jingine nyuma yao. Picha ya kundi ngojeni muipige hotelini.

*Ulaya na Amerika Kaskazini.* Sehemu za umma za uwanja kwa kawaida ziko huru kwa picha za kumbukumbu. Wageni hunaswa na ukumbi wa pasipoti, ambao katika nchi hizo pia haukubali kamera. Usiuchukulie uhuru wa ukumbi wa nje kuwa ruhusa ya ndani.

*Majirani zetu.* Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imekataza picha za viwanja vya ndege na majengo ya serikali, na askari wake hawana subira na kamera. Ukitua Kinshasa au Lubumbashi, iache simu mfukoni mpaka ufike kwa mwenyeji wako, naye akuongoze kuhusu mji. Tanzania na Kenya nazo zina sheria za maeneo yanayolindwa, kwa hiyo unapompokea mgeni kutoka nje, mwambie mapema. Mgeni wako akishikwa na askari wa kwetu, wewe mwenyeji ndiye utakayeulizwa.

Wanaopiga picha kwa kazi au kwa mapenzi

Mwandishi wa habari, mtengeneza filamu, mwanablogu wa safari au bwana harusi aliyekuja na wapiga video wawili: nyote mnahitaji ruhusa ya maandishi. Anza na mamlaka inayoendesha kiwanja. Tanzania Bara ni TAA, Zanzibar ni ZAA, Kenya ni KAA. Katika barua taja tarehe, saa, sehemu unazozitaka, vifaa na majina ya watu. Barua ya mamlaka ya kiwanja haikupi uhamiaji, forodha wala jeshi, kwa sababu sakafu hizo si zao. Ichapishe, na uende nayo mkononi. Kamera kubwa yenye lenzi ndefu, kipaza sauti na mguu wa kamera huvuta maswali hata usipoiwasha, kwa hiyo vifunge ndani ya begi hadi mahali ulipoandikiwa.

Droni ni habari nyingine kabisa. Desemba 2018 taarifa za droni kuonekana karibu na Gatwick, London, ziliufunga uwanja huo kwa vipindi kati ya tarehe 19 na 21, safari zipatazo 1,000 zikavurugika na abiria wapatao 140,000 wakaathirika. Misri na Morocco huzikamata droni za wageni forodhani. Kama huna kibali cha nchi unayokwenda, iache nyumbani.

Na kama unachokipenda ni ndege zenyewe, zipo sehemu zilizojengwa kwa ajili yako. Haneda, Tokyo, ina roshani za kutazamia. Zürich inayo yake. Manchester ina bustani ya kutazamia njia ya kurukia, yenye ndege ya Concorde ndani yake. Hapo piga picha mpaka uchoke. Ukuta wa nyuma wa kiwanja usichokijua, chenye seng'enge na mlinzi, hauwezi kukupa picha inayolingana na hasara yake.

Ukisimamishwa

Hata mwangalifu anaweza kushikwa bega. Dakika mbili za kwanza ndizo zinazoamua kama jambo litaishia hapo au litahamia chumba cha ndani.

Shusha simu polepole, uishike mahali inapoonekana. Usiitumbukize mfukoni, usigeuke kuondoka, na usianze kufuta. Anayefuta kabla ya kuambiwa anaonekana anaficha ushahidi, na picha ya kawaida inageuka kuwa jambo la kuchunguzwa. Salimia. Sema ukweli kwa ufupi: nilikuwa napiga picha ya familia, sikuona bango, samahani. Kisha uliza kama wanataka uifute.

Wakikubali, ifute mbele yao, na uifute kweli. Kwenye iPhone picha iliyofutwa hukaa katika albamu ya zilizofutwa karibuni kwa siku 30. Google Photos huihifadhi picha iliyokwisha pakiwa mtandaoni kwa siku 60 kwenye pipa lake. Afisa mzoefu anajua hivyo na atakuomba uifungue albamu hiyo. Ifungue mwenyewe kabla hajakuomba, utoe na nakala iliyomo humo. Kitendo hicho kidogo humshawishi kuliko maelezo mengi.

Usitoe hongo, hata akidokeza. Umeanza na kosa la picha. Ukitoa pesa una kosa la pili, na hili halina utetezi. Wakisema kuna faini, omba kwa adabu ilipwe ofisini na upewe risiti. Mjulishe mhudumu wa shirika lako la ndege kwamba umezuiwa, ili ajaribu kukupangia ndege nyingine na mzigo wako usipotee.

Mambo yakizidi na ukashikiliwa, mambo mawili uyakumbuke. La kwanza, usitie saini karatasi ambayo huwezi kuisoma. Omba mkalimani, wa Kiswahili au wa lugha nyingine unayoifahamu barabara, na urudie ombi hilo kila wanapokuletea karatasi. La pili, ibara ya 36 ya Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli inakupa haki ya kuomba ubalozi wako ujulishwe kwamba umeshikiliwa. Maafisa wanatakiwa kukueleza haki hiyo, lakini usingoje wakueleze. Sema waziwazi: naomba ubalozi wa nchi yangu ujulishwe. Balozi hawezi kukutoa kwa nguvu wala kuifuta sheria ya wenyewe. Anachoweza ni kukutembelea, kukusaidia kumpata wakili na kuwapa habari nyumbani, na kwa aliye peke yake ugenini hiyo ni nguvu kubwa. Kwa hiyo namba ya ubalozi iandike kwenye karatasi, kwa kuwa simu ndiyo itakayokuwa ya kwanza kuchukuliwa.

Kabla ya kuiposti

Picha halali nayo yaweza kukuumiza. Machi 2020, Tony Abbott, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Australia, aliweka Instagram picha ya pasi yake ya kupandia ndege. Mtaalamu mmoja wa kompyuta akaichukua namba ya uhifadhi iliyoonekana pale, akaingia nayo kwenye ukurasa wa shirika la ndege, na humo akaikuta namba ya pasipoti ya kiongozi huyo na ya simu. Bahati nzuri mtu huyo aliwajulisha wahusika. Mwingine asingefanya hivyo. Namba hiyo pamoja na jina lako la ukoo vyatosha kwa mtu mbaya kuiharibu safari yako ya kurudi. Pasi, lebo ya mzigo na ukurasa wa viza visiingie kwenye stetasi, hata kama umeziba nusu kwa kidole.

Ngoja pia ufike kabla ya kuposti. Picha ya kuondoka inawaambia hata wasiokutakia mema kwamba nyumba yako haina mtu.

Wafundishe wanaosafiri mara ya kwanza

Walio hatarini zaidi ni wale wasioweza kuyasoma mabango: mzee anayepelekwa kwenye matibabu, binti anayekwenda kazi yake ya kwanza Oman, bibi anayekwenda kumwona mjukuu Minnesota. Hao hawatasoma kanuni za uwanja, watafuata walichoelezwa na wewe. Keti nao jioni ya kabla ya safari. Waonyeshe alama ya kamera iliyokatwa kwa mstari mwekundu ilivyo. Waelezeni, wewe na wenzako wa nyumbani, kwamba hamtawapigia video mpaka wao wenyewe watume ujumbe kuwa wametoka nje ya uwanja, kisha mlishike hilo kweli, maana mara nyingi simu iliyomponza msafiri ilipigwa na mtu wa kwao aliyeshindwa kusubiri. Waandikie kwenye karatasi moja anwani wanakokwenda, namba ya mwenyeji na namba ya ubalozi, na uiweke ndani ya pasipoti yenyewe.